Mji na Kisima Chake

Mtu apitaye njia kuu ya Mombasa kwenda Malindi, akikaribia Watamu, aweza kugeuka kando kidogo akaingia msituni, na humo atakuta mji usio na watu. Kuta zake zingali zimesimama, misikiti yake ina vibla, nyumba zake zina vyumba na kumbi, na makaburi yake yana nguzo. Lakini hapana moshi wa jiko, hapana sauti ya mwadhini, wala hapana mtoto achezaye barazani. Miti mikubwa imeota katika kumbi za matajiri, na tumbili hurukaruka juu ya kuta ambazo zamani zilimzuia mgeni asipite bila ya ruhusa. Mji huo ndio Gede.

Watu wengi waendao Gede hutazama jumba la mtawala na Msikiti Mkuu, na kwa kweli vyastahili kutazamwa. Lakini katika insha hii nataka kumwonyesha msomaji kitu kisichopendeza macho hata kidogo. Nje ya ukuta wa kaskazini wa Msikiti Mkuu kiko kisima. Wachimbuzi wa mambo ya kale waligundua kwamba kisima hicho hakikuchimbwa mara moja. Kilichimbwa kwanza mpaka watu wakafikia maji, wakateka, wakatawadha, wakapika na kunywa. Kisha, baada ya miaka mingi, kilichimbwa tena kwenda chini zaidi, kwa sababu maji yaliyokuwa karibu na kata ya babu yalikuwa yameikimbia kata ya mjukuu. Waliochimba mara ya pili hawakuandika habari zao mahali popote. Shimo lao ndilo lililobaki kuwa maandishi yao.

Yafaa tuyasome maandishi hayo kwa makini, kwa maana wengi wetu tutaishi mijini. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, karibu watu 31 katika kila watu 100 wa Kenya walikuwa wakaaji wa mijini, na idadi yao yazidi kukua. Mtu akaaye mjini bila ya kujua jinsi mji unavyoishi ni kama abiria alalaye usingizi katika chombo kivujacho. Basi na tuulize: kwa nini mji mmoja hufa na mwingine huishi? Tutaitazama miji mitatu ya nchi yetu: Gede, uliokufa, Mombasa, ulioteketezwa mara tatu na kila mara ukainuka, na Nairobi, ambao habari zake hazijamalizika, kwa kuwa watakaozimaliza ni ninyi msomao.

Gede haukuwa kijiji cha watu dhaifu. Ulianza yapata karne ya 11 au ya 12, ukastawi sana katika karne ya 14 na ya 15. Kaburi moja lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, ambao ni sawa na mwaka 1399. Ukuta wa nje ulizunguka eneo la eka 45 hivi, na wataalamu walikadiria kwamba watu wapatao 2,500 waliishi humo. Wakubwa walikaa katika nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, na watu wa kawaida katika nyumba za udongo, ambazo hazikubaki kwa sababu mvua na mchwa hawamheshimu mtu. Nyumba za mawe zilikuwa na vyoo ndani, na mahali pa kutawadhia, na mitaro ya kuyaondoa maji ya mvua.

Serikali ilianza kuyahifadhi magofu hayo mwaka 1927, na kuanzia mwaka 1948 James Kirkman aliyachimba kwa muda wa miaka kumi. Vitu alivyofukua vyashangaza: vyombo vya kauri kutoka China, ushanga kutoka Venezia, taa ya chuma kutoka Bara Hindi, na mkasi kutoka Hispania. Nyumba kadhaa zilipewa majina kwa vitu vilivyoonekana ndani yake, hata leo mgeni huonyeshwa Nyumba ya Mkasi na Nyumba ya Ushanga wa Venezia. Mwaka 2024 Gede uliingizwa katika orodha ya urithi wa ulimwengu. Mji uliokufa kwa upweke sasa watazamwa na mataifa yote.

Mtu akiuliza ni nini kilichouua mji huo, jawabu si moja, na hapa ndipo penye somo letu la kwanza. Sababu mojawapo ni maji, kama kisima kinavyoshuhudia. Sababu ya pili ni vita. Mwaka 1589 jeshi la Wazimba lilipanda pwani kutoka kusini likiharibu miji iliyokuwa njiani mwake. Sababu ya tatu ni biashara na utawala. Wareno, waliokuwa marafiki wa Malindi tangu Vasco da Gama alipotia nanga huko mwaka 1498, walihamia Mombasa mwaka 1593, na mtawala wa Malindi akahamia huko pamoja nao. Basi soko lililokuwa karibu na Gede likafifia. Sababu ya nne ni kusogea kwa Waoromo kutoka kaskazini, ambako kuliyafanya mashamba ya bara kuwa mahali pa hofu. Ilipoingia karne ya 17, watu walifunga mizigo yao, wakaondoka.

Sasa tuzitazame sababu hizo moja moja. Kisima kikipwa peke yake, watu huchimba zaidi, nao walichimba. Adui akija peke yake, watu hujenga ukuta. Nao walijenga, hata wakawa na ukuta wa nje na ukuta wa ndani. Soko likihama peke yake, mfanyabiashara huchukua jahazi akalifuata. Lakini mambo manne yalipokuja pamoja, kila moja lilizuia dawa ya jingine. Mtu hawezi kuchimba kisima huku akilinda ukuta, wala hawezi kununua nafaka kwa jirani ikiwa njia ya kwenda kwa jirani yatisha, wala hawezi kumlipa fundi wa kisima ikiwa biashara imekwenda zake.

Wavuvi wa pwani hulijua jambo hili kwa mikono yao. Jarife lina mafundo mengi. Fundo moja likikatika, mengine hushika, na mvuvi hulirudisha jarife pwani akalishona jioni. Yakikatika mafundo mawili yaliyo mbalimbali, bado samaki hawatoki. Lakini kamba zikioza pande zote kwa pamoja, samaki mmoja mwenye nguvu hulipasua jarife zima, na watu humlaumu samaki. Ndivyo ulivyo mji. Mji ni mafundo ya maji, chakula, njia, soko, amani, na ujirani. Mwenye kutazama fundo moja tu, akasema hili ndilo mji, hajaujua mji.

Tena tuone jambo jingine. Watu wa Gede walikuwa na mali iliyotoka pande zote za dunia. Lakini mkasi wa Hispania haukukata kiu yao. Mali iliwaletea vitu vya mbali, wala haikuweza kuwarudishia kitu cha karibu, yaani maji yaliyokuwa chini ya nyayo zao. Hilo ni onyo kwa kila mji ujivuniao majumba. Jumba hujengwa kwa miaka miwili. Kisima hujengwa na Mungu kwa mvua za miaka mingi.

Tugeuke sasa tuutazame mji wa pili. Mombasa, ambao wazee huuita Mvita, kwa haki ungalikufa kabla ya Gede. Ni kisiwa. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alipopita huko mwaka 1331, alieleza kwamba chakula cha watu wake kilikuwa ndizi na samaki, na kwamba nafaka waliletewa kutoka nje kwa sababu wao hawakuwa na mashamba yake. Mji usio na nafaka yake ni mji wenye shingo nyembamba. Adui hahitaji upanga mkubwa kuukata.

Tena adui walikuja. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuteka mji, wakaupora, wakauchoma moto. Mwaka 1528 walirudi chini ya Nuno da Cunha, wakauchoma tena. Mwaka 1589 ulipatwa na misiba miwili kwa pamoja: merikebu za Wareno upande wa bahari, na Wazimba upande wa bara. Baadaye ulikuja mzingiro wa Ngome ya Yesu, ulioanza mwaka 1696 ukaisha mwaka 1698, karibu miaka mitatu ya njaa na maradhi. Katika habari za miji ya pwani hii, ni miji michache iliyopigwa kama Mombasa. Hata hivyo, hesabu ya mwaka 2019 yaonyesha kwamba watu 1,208,333 waishi katika kaunti ya Mombasa. Mji ulionusurika namna hiyo wastahili kuulizwa siri yake.

Siri ya kwanza ni bandari. Mombasa una maji ya kutia nanga pande mbili za kisiwa. Upande mmoja iko bandari ya kale, ambayo majahazi yaliitumia kwa karne nyingi wakati wa kaskazi na kusi. Upande wa pili iko Kilindini, na jina lenyewe latokana na kilindi, yaani maji yenye kina kirefu. Zilipokuja merikebu kubwa za moshi, ambazo bandari ya kale haikuzitosha, mji haukuhitaji kuhama. Mlango wa pili ulikuwa tayari. Kitu kilichoonekana kuwa ziada katika zama moja kilikuwa uhai katika zama nyingine.

Siri ya pili ni jirani. Watu wa Mombasa walijiita Mataifa Kumi na Mawili. Matatu yakiitwa Thelatha Taifa, na tisa yakiitwa Tisa Taifa. Mataifa hayo yalikuwa na mapatano na Wamijikenda wa bara, taifa hili na watu wa kaya hizi, taifa lile na watu wa kaya zile. Nafaka, pembe, na mazao ya msitu vilishuka kutoka bara. Nguo na vitu vya ng'ambo vilipanda kwenda bara. Katika siku za vita, bara ilikuwa kimbilio. Mji ulipochomwa, watu waliopona walikuwa na mahali pa kulala, na watu wa kuwapa mbegu na miti ya kujengea. Moto wa Almeida uliweza kuunguza makuti na boriti, lakini haukuweza kuunguza mapatano. Na tuangalie kwamba mapatano hayo hayakuwa na mtu mmoja. Kama jirani mmoja alikasirika, wengine walibaki. Hilo ni jarife lenye mafundo mengi.

Siri ya tatu ni wepesi wa kubadili kazi bila ya kubadili mahali. Katika zama za pembe, Mombasa uliuza pembe. Katika zama za nafaka, uliuza nafaka. Na mwaka 1896, ilipoanza kujengwa reli ya kwenda bara, mji ukawa mdomo wa nchi nyingi zisizo na bahari. Reli hiyo ilifika Kisumu mwaka 1901, na reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilianza kuchukua abiria mwaka 2017. Mwenye shoka moja hukata mti mmoja. Mwenye kisu, jembe, na ndoana halali njaa.

Lakini tusiipambe historia mpaka ikawa uongo. Sehemu ya nafaka iliyojaza maghala ya pwani katika karne ya 19, huko Malindi na penginepo, ililimwa na watumwa, ambao hawakuchagua mahali pa kuishi wala hawakula matunda ya jasho lao. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na mara mashamba mengi yakaingia nyika, kwa kuwa yalisimama juu ya migongo iliyokuwa imechoka kulazimishwa. Hapa pana somo la pili: dhuluma ni fundo bovu. Laweza kushika kwa muda, na mtu akadhani ni imara, lakini siku likikatika hukatika na vingi.

Na maji je? Mombasa pia una visima vyake, lakini visima hivyo havikuutosha mji mkubwa. Basi mji ukanyoosha mkono wake mbali. Ulichukua maji ya Marere katika Vilima vya Shimba. Kisha, tangu miaka ya 1950, ukaletewa kwa bomba maji ya chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita 200 kutoka baharini. Na leo hupata pia maji ya Baricho, karibu na mto Sabaki. Maji ya Mzima ni mvua iliyonyesha juu ya vilima vya Chyulu, ikapenya katika mawe ya volkano, ikatembea chini ya ardhi mpaka ikatokeza safi kama kioo. Kwa hiyo kisima cha Mombasa sasa kiko Chyulu. Mtu akataye msitu wa Chyulu aweza kuwa hajaiona bahari maishani mwake, lakini mkono wake umekwisha kufika katika mtungi wa mama mmoja wa Likoni au Changamwe. Hata sasa maji hayo hayawatoshi watu wote wa mji.

Watu wa Lamu wana mfano mwepesi zaidi. Nyuma ya kijiji cha Shela yako machuguu makubwa ya mchanga mweupe. Mgeni huyaona kuwa mahali patupu pafaapo kujenga nyumba ya kupunga upepo. Mwenyeji ajua kwamba mchanga ule hunywa mvua na kuitunza juu ya maji ya chumvi, na kwamba visima viunyweshavyo mji vyategemea mchanga huo. Mahali patupu kumbe ndipo palipojaa.

Sasa tuje Nairobi. Mji huu hauna magofu ya kale, kwa kuwa wenyewe ni mchanga kuliko mibuyu mingi ya pwani. Jina lake latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Reli ilifika hapo mwezi wa Mei mwaka 1899. Mafundi wa reli walipapenda kwa sababu palikuwa tambarare, pana maji ya mto, na pafaa kuweka karakana na mabehewa kabla ya kuanza kupanda miinuko iliyo mbele. Hawakuuliza kama pangefaa kukaa watu milioni. Walitafuta kituo cha gari la moshi, wakakipata. Mji ulikuja wenyewe nyuma yake, kama mfuasi asiyealikwa.

Mahali palikuwa pa majimaji, na maji machafu hayakupata njia ya kutoka. Mwaka 1902 ilizuka tauni, na soko la Wahindi likachomwa moto kwa amri ili kuuzuia ugonjwa. Madaktari walishauri mji uhamishwe. Lakini mwaka 1905 makao makuu ya serikali yalihamishiwa Nairobi kutoka Mombasa, na mji ukabaki pale pale ulipo. Tangu hapo ardhi iligawanywa kwa rangi za watu. Wazungu walichukua miinuko ya magharibi yenye udongo mwekundu unaopitisha maji. Waafrika walisukumwa mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi unaoshika maji. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, amri za ubaguzi ziliondoka, lakini udongo haukuondoka. Mvua hata leo huyasoma mipaka ya zamani.

Mwaka 1906 mji ulikuwa na watu 11,512. Mwaka 1948 walikuwa karibu 119,000. Mwaka 2019 walihesabiwa 4,397,073. Mto uliotoa maji baridi haukuweza kuwanywesha hawa wote, na wenyewe ukageuzwa kuwa mfereji wa taka. Basi Nairobi nao ukanyoosha mkono: kwanza kwenye chemchemi za Kikuyu, kisha Ruiru, kisha Sasumua, na hatimaye Ndakaini katika Murang'a, bwawa lililomalizika mwaka 1994. Leo sehemu kubwa ya maji ya mji hutoka Ndakaini, na maji hayo ni mvua na ukungu wa milima ya Nyandarua. Mtoto wa Kayole afunguaye bomba asubuhi anateka maji ya msitu ambao pengine hajapata kuuona. Naye mkulima wa Nyandarua apandaye mti kando ya kijito anamnywesha mtoto asiyemjua jina.

Tazama sasa jinsi mambo yanavyofungamana. Mji ule ule ulalamikao kwa kiu huzama kwa maji. Kati ya mwezi wa Machi na Mei mwaka 2024 mvua kubwa zilinyesha, mito ikafurika, na katika Mathare na Mukuru nyumba zilichukuliwa na watu wakapoteza maisha. Mvua ilitoka juu, lakini msiba haukutoka juu peke yake. Mabwawa madogo yaliyokuwa yakipokea maji yalijazwa udongo yakajengwa. Kingo za mito zilijengwa na matajiri kwa tamaa na maskini kwa kukosa pengine. Mitaro ilizibwa na taka. Na uwanja uliokuwa ukinywa mvua ukapigwa saruji. Maji hufuata mkondo, na yakikuta nyumba katika mkondo hayaulizi hati ya kiwanja. Wenye kulipa deni hilo wakawa wale wale waliosukumwa bondeni tangu siku za mwanzo.

Walakini Nairobi una watu waliosimama kuutetea. Mwaka 1989 palikuwa na shauri la kujenga jumba la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru. Wangari Maathai alipinga, akatukanwa, akachekwa, lakini jumba halikujengwa. Karibu miaka kumi baadaye, msitu wa Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000, ulianza kugawiwa watu wajenge nyumba. Yeye na wenziwe walikwenda kupanda miti, na mwezi wa Januari mwaka 1999 walipigwa hata damu ikamtoka. Msitu ungalipo. Mwaka 2004 alipewa tuzo ya amani ya Nobel, na wengine wakastaajabu: mti na amani vina uhusiano gani? Msomaji aliyekitazama kisima cha Gede hana haja ya kustaajabu. Penye maji na kivuli watu huketi pamoja. Vikiondoka, hugombania tone la mwisho.

Basi ni nini habari ya miji ya kesho? Wako wasemao kwamba itakuwa miji ya majumba marefu na magari yajiendeshayo. Huenda ikawa hivyo. Lakini hayo ni mkasi na ushanga. Maswali yatakayouweka mji hai ni yale yale ya zamani. Maji yatoka wapi, nani ayatunza yanakotoka, na yanakwenda wapi yakimwagika? Chakula chapita njia ngapi, na njia moja ikifungwa iko nyingine? Jirani zetu ni nani, na je, tuna mapatano nao, au tunachukua maji yao bila ya asante? Ni nani anayekaa bondeni, na kwa nini ni yeye? Mji wenye majawabu mema kwa maswali hayo waweza kuchomwa mara tatu ukainuka kama Mombasa. Mji usio nayo waweza kuanguka siku ya furaha yake.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mji ni mdogo siku unapoonekana: ni mtaro mmoja uliozibwa, mti mmoja uliokatwa karibu na chemchemi, kiwanja kimoja kilichouzwa kando ya mto, jirani mmoja aliyenyimwa haki. Hakuna ufa hata mmoja katika hiyo unaotosha kuua mji, na kwa hiyo kila mtu husema huu wangu haudhuru. Ndivyo kamba za jarife zinavyooza. Baadhi yenu mtakuwa wahandisi, wengine madiwani, wengine wauguzi, wenye maduka, na wazazi. Na kila mmoja wenu atakuwa na fundo lake mkononi, apende asipende.

Siku mtakapozuru Gede, msiishie kwenye jumba la mtawala. Endeni kaskazini mwa Msikiti Mkuu, msimame kando ya kisima, mtazame chini. Fikirini juu ya watu wale walioshika majembe mara ya pili, wakachimba mawe ya matumbawe katika jua kali, wakitumaini kwamba maji hayakwenda mbali. Tusiwacheke, kwa kuwa hawakuwa wavivu wala wajinga. Walifanya yote yaliyowezekana kwa mikono. Wao hawakuwa na njia ya kujua maji yao yalikokwenda. Sisi tunajua yetu yatokako. Tukiacha yakauke, wajukuu wetu watakaoyatembelea magofu yetu hawatakuwa na neno la kututetea.